Galektini-1, galektini-3 au MAG: ipi inafaa semina ya glia?

Mwanaseli: Habari wakuu. Nina semina ya uzamili kuhusu protini zinazoshika sukari kwenye seli za glia (seli zinazosaidia nyuroni, yaani seli za neva) wakati ubongo unakua. Muda unatosha protini moja tu. Galektini-1 na galektini-3 zinashika galaktosi, MAG, protini ya mielini (ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva), inashika sukari nyingine, asidi ya siali. Mngechagua ipi?

Kipepeo88: Galektini-1. Astrosaiti, aina ya glia, za kandokando ya ventrikali (mashimo ya majimaji ndani ya ubongo) huitoa, na seli shina za hapo huongezeka kwa msaada wake. Umbo lake rahisi pia: nusu mbili zinazofanana, kila moja ina sehemu ya kushikia sukari.

BintiMaabara: Mkuu, ushahidi huo wa seli shina unatoka zaidi kwa panya wazima, naye kauliza ukuaji. Mimi nasimama na galektini-3, bila kusita. Mikroglia (glia za kinga) huitoa, nayo huzisukuma seli changa za oligodendrosaiti (glia zinazotengeneza mielini) zikomae. Mwaka 2011 watafiti wa Buenos Aires walionyesha kwamba panya wasio na jeni yake, Lgals3, wana aksoni (nyuzi ndefu za neva) chache zenye mielini kwenye korpasi kalosamu, daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo, tena tabaka za mielini zimelegea. Yaani glia moja inaisaidia glia nyingine kufanya kazi yake! Ukipata dakika mbili, gusia galektini-4: hiyo hutoka kwenye nyuroni na kuchelewesha ukomavu uleule.

Mzee wa Neva: MAG ni nzuri sana, kwa sababu tunajua inachoshika: gangliosidi (mafuta yenye sukari) GD1a na GT1b juu ya aksoni. Ila panya wasio nayo hutengeneza mielini karibu kama kawaida, halafu aksoni zao huharibika kadiri wanavyozeeka. Hiyo ni habari ya utunzaji kuliko ukuaji. Iache.

Mwanaseli: Asanteni. Nakwenda na galektini-3. Wakiniuliza nitajuaje ni sukari inayohusika kweli?

BintiMaabara: Swali hilo lazima lije, maana galektini hufanya kazi pia ndani ya seli bila kushika sukari yoyote. Waambie kuhusu laktosi, sukari ya maziwa yenye galaktosi ndani yake: ukiiongeza kwenye seli za maabara, inakalia pale galaktosi inaposhikwa. Athari ikipotea, sukari inahusika. Kwa ulinganisho tumia sukrosi (sukari ya kawaida ya mezani), ambayo galektini haiishiki. Jaribio lisilo na sukrosi usiliamini, mdogo wangu.