Mjadala: Pesa za reli zitangulie Malaba au Karatina?

Mkazi wa Kahawa

Nina swali, na naomba tusilibebe kisiasa. Mizigo inayoingia nchini hulipiwa ushuru wa kuendeleza reli. Ulianza 2013 ukiwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo, kwa hiyo hata muuza mitumba wa Gikomba ambaye hajawahi kukanyaga SGR, reli mpya inayotoka Mombasa, ameshaichangia kupitia bei ya beli. Sasa ushuru huohuo ndio unaotegemewa kuisukuma SGR kutoka Suswa, ilikokomea Oktoba 2019, hadi Kisumu na Malaba, mpakani na Uganda.

Mimi nasema tungeanza na reli ya zamani, tena kwa ajili ya abiria. Inapita Thika, Murang'a, Sagana, Karatina hadi Nanyuki. Upande wa pili Nakuru na Eldoret. Stesheni zake zimo mjini, hatua chache kutoka sokoni. SGR ilijengewa kontena kwanza. Abiria wa kwenda Mombasa anarauka kuwahi stesheni ya Syokimau, na akishuka Miritini bado ana safari nyingine ya kufika Kongowea.

Hapa Nairobi nako, treni za Ruiru na Limuru zinaleta watu asubuhi na kuwarudisha jioni, basi. Ukitoka kazini saa nane mchana, reli unaitazama tu ikiota jua.

Dereva wa Thika Road

Ndugu yangu, mimi nakula barabarani, kwa hiyo nina upande wangu. Lakini tuseme ukweli. Nanyuki naenda kwa saa tatu na nusu nikipata barabara wazi. Treni ni kutwa. Ilipofufuliwa Desemba 2020 ilipangiwa kwenda Ijumaa na kurudi Jumapili. Mgonjwa mwenye kliniki Jumatano ataifanyia nini? Hiyo ni treni ya kupiga picha Mlima Kenya dirishani. Nzuri, sikatai. Mke wangu aliipenda.

Mstaafu wa Muthurwa

Vijana, nilikuwa kwenye genge la kutengeneza reli kuanzia 1978, mwaka mmoja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na kila nchi kuondoka na mabehewa yake. Niruhusuni niseme kwa nini treni ile ni pole, maana wengi wanadhani ni wembamba wa reli.

Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja kamili. SGR ni milimita 1,435. Lakini Japani wana reli za milimita 1,067, karibu sawa na yetu, na treni zake hukimbia hadi kilomita 130 kwa saa. Kinachotuchelewesha ni kona. Waliojenga walizunguka vilima badala ya kuvikata, kwa sababu kuzunguka ni rahisi kuliko kuchimba. La pili ni kwamba njia ni moja tu. Treni mbili zikikutana, moja lazima isubiri kwenye stesheni yenye njia ya kupishana. Njia za kupishana zikifungwa au swichi zikiibwa, unasubiri mbali zaidi. Mkazi wa Kahawa, hapo ndipo treni yako ya saa nane mchana inapopotelea. Huwezi kuongeza treni bila kuongeza mahali pa kupishana.

La tatu linaniuma. Genge letu lilikuwa na kazi ya kuzibua makalvati, yaani njia za maji chini ya reli, kabla ya masika. Kalvati likiziba, tuta la reli linageuka bwawa. Mwaka 2024, mwezi wa Aprili, mafuriko ya Mai Mahiu yaliua makumi ya watu usiku. Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia ya maji chini yake kuziba. Kwa hiyo mtu akiniambia reli ya zamani tuiache ijifie, namuuliza: na tuta lake utalihamishia wapi? Gharama ya kulitunza ipo, treni ipite isipite.

Mhasibu

Mzee, shikamoo. Umenifundisha. Lakini hamjagusa deni. Mombasa hadi Nairobi peke yake iligharimu shilingi bilioni 327, nyingi zikiwa mkopo kutoka benki ya Exim ya China. Nauli ya daraja la kawaida ilianza 700, ikawa 1,000, na Januari 2024 ikapanda hadi 1,500. Hata hivyo abiria hawatalipa deni lile. Mizigo ndiyo italipa, na mizigo inaenda Uganda. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Uturuki, Yapi Merkezi, kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Wakifika mpakani watutafute wapi, Suswa?

Mtanzania wa South B

Habari zenu jamani. Kwetu treni ya umeme ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, na kabla ya Agosti kwisha ilikuwa inafika Dodoma. Mama yangu mdogo anaamka Dodoma, anafanya shughuli Kariakoo, analala kwake. Ila reli ya zamani hatukuitupa. Oktoba 2020 treni ya Arusha ilirudi baada ya miaka 30 hivi. Na ninyi mna reli ya Voi hadi Taveta, inayoungana na yetu upande wa Moshi. Mbona hakuna anayeitaja?

Mkazi wa Kahawa

Ya Taveta nilikuwa nimeisahau, asante. Mhasibu, kwa Malaba nakubali nusu: mizigo iende. Lakini hapohapo wachore stesheni za abiria ndani ya miji, si kilomita kumi nje. Na dereva, kuhusu Nanyuki umenishinda. Nitapunguza dai langu: Nairobi hadi Sagana, kila siku, kutwa nzima.

Dereva wa Thika Road

Hapo sasa umeanza kuniogopesha.

Mama Viazi, Karatina

Samahani kuingilia. Mimi huleta viazi na karoti soko la Marikiti, Nairobi. Lori linatoka Karatina saa saba usiku, na nikikosa nafasi mzigo unalala. Treni ikiwa pole mimi sina shida. Nauliza mawili tu: ina behewa la mizigo, na inaweza kufika Nairobi kabla ya saa kumi na moja alfajiri?

Mstaafu wa Muthurwa

Mama, zamani zilikuwepo treni za mchanganyiko, mabehewa ya abiria na ya mizigo yamefungwa pamoja. Reli ikiwa na kokoto na mataruma (vipande vinavyoishikilia) mazima, kutoka Karatina usiku na kufika alfajiri si jambo gumu. Lakini watu wa reli watakuuliza swali ambalo mimi siwezi kulijibu: siku ya soko mnajaza magunia mangapi?

Mama Viazi, Karatina

Yangu 20. Tuko wengi stendi ile, sijawahi kuhesabu. Siku ya soko nitazunguka na daftari, nitarudi hapa.