Mjomba anameza dawa ya mapigo ya moyo, uso umegeuka rangi. Nimpunguzie dozi?

Mwana_Tandahimba:
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, nimekwama. Mjomba wangu ana miaka 63. Mwaka juzi mwezi wa saba aliambiwa moyo wake unadunda bila mpangilio, akaandikiwa dawa ya kumeza kila siku. Moyo umetulia kweli. Lakini pua na mashavu yamekuwa kama yamepakwa majivu, ukitazama vizuri kuna bluu kwa ndani. Akienda kuokota korosho anarudi anasema ameungua kama kamwagiwa maji ya moto. Majirani wameshaanza maneno yao. Je, naweza kumpunguzia iwe nusu kidonge?

Bibi_Mikindani:
Pole mwanangu. Marehemu mume wangu alianza hivyohivyo, moyo unamrukaruka usiku, kumbe ni presha. Alikuwa hali ugali wa muhogo bila samaki wa chumvi, na nilikuwa namkaangia mwenyewe, ndiyo maana inaniuma mpaka leo. Mpunguzieni chumvi.

Baba_Mabibo:
Mzee anakunywa uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho? Msimu wa mabibo nimewaona wengi wakikimbizwa hospitali mioyo inawaenda mbio. Mimi mwenyewe niliacha baada ya kaka yangu kuanguka kilabuni.

Mwana_Tandahimba:
Hanywi, ni mtu wa msikitini.

Mfamasia_Msafiri:
Tuache chumvi na uraka kwanza. Dawa inaitwaje? Soma nyuma ya karatasi ya vidonge. Na kuna dawa nyingine yoyote anayomeza wiki hii, hata ya kununua dukani?

Mwana_Tandahimba:
Imeandikwa amiodaroni, 200. Dawa nyingine hamna.

Mfamasia_Msafiri:
Basi majirani waambie hakuna mkono wa mtu hapo. Dawa hiyo huifanya ngozi ichukie jua, na aliyeitumia muda mrefu anaweza kugeuka rangi hivyo hivyo usoni. Kofia pana, mikono mirefu, shambani aende alfajiri.

Zaidi ya theluthi ya uzito wa dawa yenyewe iliyomo kwenye kidonge hicho ni madini joto, yaleyale ya kwenye chumvi, kwa hiyo kinaweza kuvuruga tezi ya shingoni. Ini nalo huguswa. Ndiyo maana kila miezi sita anatakiwa kupima damu. Akipata kikohozi kikavu au pumzi ikikata, asisubiri tarehe ya kliniki, kwa sababu huenda ni mapafu. Alipima lini mara ya mwisho?

Na usimkatie nusu kwa mawazo yako. Dawa hii hukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi. Ukikata leo, rangi haitarudi kesho, ila mapigo yanaweza kurudi kuvurugika wakati ninyi mmeshasahau.

Mwana_Tandahimba:
Damu hajapima tangu aanze. Nauli na foleni mnazijua. Na nusu nimeshaanza kumpa tangu Jumapili, nakata kwa wembe. Jamani msinishambulie, mjomba ndiye mkubwa wa ukoo wetu, ndiye aliyenisomesha. Siwezi kukaa namtazama anageuka rangi. Tena niliona nusu ni nafuu kuliko kuacha kabisa.

Mwalimu_Mstaafu:
Vijana wa siku hizi mna haraka. Daktari amesoma miaka mingapi, wewe wembe umeusomea wapi?

Mfamasia_Msafiri:
Mwalimu, tumwache kwanza. Ndugu, nakuuliza mara ya pili. Wiki hii hajameza kitu kingine? Cha homa, cha kifua, mizizi?

Mwana_Tandahimba:
Labda mseto tu, ile dawa ya malaria. Alikuwa na homa juzi nikamnunulia duka la dawa. Mseto nayo ni dawa ya kuihesabu? Huku kila nyumba ipo.

Mfamasia_Msafiri:
Hiyo ndiyo ya kuihesabu kwanza! Mseto na amiodaroni kila moja inaweza kuuchelewesha moyo kujiweka sawa kati ya pigo na pigo. Zikikutana, moyo unaweza kuingia mdundo wa hatari na mtu akazimia ghafla. Alipimwa malaria? Amesikia kizunguzungu?

Mwana_Tandahimba:
Hakupimwa, ila mvua hizi za mwezi wa nne homa ni malaria tu. Leo akiinuka kwenda kuswali alasiri alishika ukuta, akasema macho yameingia giza. Nilidhani ni njaa.

Kaka_wa_Lindi:
Samahanini, mimi hii hadithi siiamini. Mwezi wa nne korosho zinaokotwa wapi? Mara hana dawa nyingine, mara ana mseto, sasa anataka kuzimia. Kila akiulizwa linazaliwa jipya. Watu wanatunga ili uzi uchangamke.

Baba_Mabibo:
Hapo kwenye korosho hata mimi nilishtuka.

Mwana_Tandahimba:
Kaka, kuungua nilikosema ni kwa msimu uliopita, mwezi wa kumi. Sasa hivi anapalilia. Mseto sikuificha, sikujua kama inaulizwa. Nipo naye hapa kwenye mkeka. Karatasi ya mseto ninayo mkononi: vidonge 24, amekula 16, vimebaki vinane vya kesho. Nusu za kile kingine zipo kwenye kifuniko cha chupa, zimemeguka kingo. Nitunge mjomba wangu nipate nini?

Mfamasia_Msafiri:
Hata kama ametunga, kuna mtu mwingine anasoma hapa mwenye mzee kama huyo. Ndugu, vile vinane asivimeze kabla daktari hajamwona. Usimpe kwinini badala yake, nayo haipatani na dawa hii. Nenda hospitali usiku huu, apimwe umeme wa moyo na damu. Beba karatasi zote mbili, na sema ukweli kuhusu wembe. Asiende mwenyewe kwa pikipiki, akizimia njiani mtampoteza.

Bibi_Mikindani:
Mwanangu, ukikosa gari gonga mlango wa jirani yeyote mwenye gari. Usione haya. Na wakiwapa rufaa msiogope Dar, siku hizi Mtwara tuna hospitali ya Ligula na ile ya Kanda kule Mitengo.

Kaka_wa_Lindi:
Kama ni kweli, niwie radhi. Mpeleke.

Mwana_Tandahimba:
Tumefika saa nne kasoro, jirani katuleta. Wamemfungia nyaya kifuani, mashine inachora. Daktari amezitandika karatasi zote mbili mezani, ameuliza damu alipima lini, nimekosa jibu. Wanamlaza, mashine ibaki kifuani mpaka asubuhi. Dozi ya moyo wamesema wataipanga wao, mimi nisiiguse.

Kipimo cha tone la damu kimetoka. Hana malaria.