Naomba ushauri: barua pepe zinanimalizia muda wa kazi

Wakuu, habari za majukumu. Nasimamia idara, na siku hizi kazi yangu kubwa imekuwa kujibu barua pepe. Nyingi nimewekwa kwenye nakala tu, "kwa taarifa yako". Mtu anauliza kikao kimehamia chumba gani, wenzake wanabonyeza "jibu wote" kusema asante, na katikati ya hizo asante limejificha ombi la malipo linalosubiri idhini yangu. Hapo ndipo ninapoumia.

Arifa za simu nimezima. Kwenye Outlook nimeweka kanuni: ujumbe ambao jina langu liko kwenye nakala pekee uende folda ya pembeni. Imesaidia kiasi, ila kuna watu (mabosi wakiwemo, jamani!) wanaoagiza mambo mazito kupitia hiyo hiyo nakala.

Nyie mnaofungua barua pepe mara mbili tatu tu kwa siku, mliwaelezaje wakubwa wenu bila kuonekana mnawapuuza? Na aliyempa katibu muhtasi ruhusa ya kuchambua sanduku lake, masuala ya siri ya watumishi unayatenganishaje? Hili la pili ndilo linanipa kigugumizi zaidi.