Mjadala: Mtunzi ahakiki mashairi ya wenzake, au awaachie wasiotunga?

MTUNZI WA KANDO YA ZIWA (mwanzisha mada)

Wakuu, wiki iliyopita kijana mmoja alinitumia tungo zake nane nizitolee maoni. Nilipomrudishia akaniuliza: "Mzee, huu ni uhakiki au unataka nitunge kama wewe?" Swali limeninyima usingizi. Mimi natunga, nina diwani moja, ya pili bado iko jikoni. Basi naliweka barazani: mshairi ambaye bado yumo uwanjani anafaa kuwahakiki wenzake?

Nasema anafaa, tena ana kitu ambacho asiyetunga hukipata kwa taabu. Chukueni "mbu" na "mbuzi". Yana mizani ngapi, yaani silabi ngapi? Mbili, na mbili. Kwenye "mbu" ile m inasimama peke yake, m-bu. Kwenye "mbuzi" imeungana na b, mbu-zi. Anayehesabu kwa macho hujikwaa hapo. Anayeghani shairi lake usiku huku akigonga meza kwa vidole hakosei, sikio linamkatalia. Niliwahi kukatwa alama shindanoni kwa kipande hiki: "Mtoto kaja na mbio". Jaji akaandika pembeni kwa wino mwekundu: mizani saba. Hesabuni wenyewe: m-to-to-ka-ja-na-mbi-o. Nane! Msomi hasa yule, ila hajatunga hata ubeti mmoja.

Na si jambo jipya. Vitabu viwili vinavyotajwa sana kila ugomvi wa vina na mizani unapozuka viliandikwa na watunzi, na ukiviweka pamoja vimejengwa vivyo hivyo: nadharia, kisha tungo za mwenyewe. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954. (Baadaye akawa Waziri wa Sheria wa Tanganyika, sheria zilimwandama.) Mulokozi na Kahigi wakaja na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, wakikataa kwamba shairi bila vina na mizani si shairi. Wanapingana na Amri aliyevishikilia, lakini kila upande umekuwekea tungo zake humo humo ili uwapime kwa maneno yao. Mhakiki gani asiyetunga anajianika hivyo?

MSOMAJI TU

Mkuu, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Unachokiita kujianika mimi naona ni muuzaji aliyekuja sokoni na mizani yake mwenyewe, na neno mizani lichukueni kwa maana zote mbili. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 alitetea lugha ya kawaida ya kila siku katika ushairi. Angetetea nini kingine, na ndivyo alivyotunga? Wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, waliomjia juu nao walikuwa na diwani zao za kulinda. Mimi sina diwani. Shairi likinichosha nasema limenichosha, sina ukoo wa kuutetea.

Halafu huyo jaji wako alikosea hesabu tu. Angeweza kufundishwa kwa dakika kumi. Mtunzi anayeona kila tungo isiyofanana na yake ni mbovu utamfundisha nini?

MWENYEJI WA MVITA

Mzee wangu, huku kwetu swali lako lingechekesha. Tangu enzi za Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mombasa, karne ya 19, ukiona dosari katika shairi la mwenzio hukai ukaandika makala. Unamjibu kwa shairi, aghalabu kwa bahari ile ile, yaani aina ile ile ya shairi, na watu wa baraza wanasikia wenyewe nani kazidiwa. Hata kurasa za mashairi za magazeti zilirithi mchezo huo. Uhakiki ulikuwa ndani ya utungo.

Lakini Msomaji ana haki kidogo. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ilitungwa gerezani, alikofungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi? Sasa mpe mtunzi aliyelewa arudhi, kanuni za utunzi, shairi la "Mamba" mle ndani. Atakusifia vina, atakuhesabia mizani, na mamba atabaki kuwa mamba wa mtoni. Mwalimu wa historia asiyejua kutunga atamwona mamba ni nani kabla yake.

MSOMAJI TU

Hapo umenisemea. Na Mkuu hajatwambia: yule kijana alimjibu nini?

MTUNZI WA KANDO YA ZIWA

Sijamjibu hadi leo mchana. Mliponibana nikazifungua tena tungo zake. Katika nane, tano nimempigia mistari kwenye vina, na tatu kati ya hizo ni tungo huru. Vina hakuvitaka tangu mwanzo. Hilo ningelimeza. Iliyoniumiza ni ya nne. Kijana aliandika "mvua inahesabu mabati". Nikakata, nikamwekea juu yake "dhoruba yavuma juu". Nikashuku. Nikaichukua diwani yangu, nikapekua ukurasa kwa ukurasa. Dhoruba imo kwenye mashairi manne, na mawili yanaanza nayo.

Suala la mbu na mbuzi sirudi nyuma, Msomaji. Dakika kumi hazitoshi, njoo ujaribu. Ila kijana nimeshampigia simu, nimemwambia arudishe mabati yake.