Nahamisha tangi la samaki wa bahari kutoka Tabata kwenda Kigamboni, naombeni ushauri

Kangaja_Mmoja
Wakuu, habari za jioni. Mwenye nyumba anataka nyumba yake mwisho wa mwezi, nimeshapata nyingine Kibada. Vitanda na makabati havinitishi, kinachoninyima usingizi ni tangi. Ni la lita 240, lina mwaka wa nne sebuleni. Ndani wamo samaki aina ya klauni wawili, samaki aina ya kangaja mmoja, kamba wawili, na mawe kama kilo 30 yaliyoota matumbawe laini. Klauni jike nilimpata akiwa sawa na ukucha wa kidole gumba, leo nikishika kopo la chakula tu anakuja mpaka kwenye kioo.

Nimewaza nipunguze maji nusu, vijana wanne wanyanyue tangi na samaki wakiwa ndani, tuweke kwenye kirikuu na tupite Daraja la Nyerere alfajiri. Inawezekana? Au nimwage maji yote nianze upya?

Fundi_Vioo
Mkuu, usithubutu. Lita 120 ni zaidi ya kilo 120, na zinacheza huku na huku kila kirikuu ikiruka tuta. Silikoni inaachia pembeni. Pengine halitavuja siku hiyo, utakuja kukuta sebule imejaa maji wiki ya pili. Toa kila kitu, hata mchanga, ulilaze tangi juu ya godoro. Ukifika weka pimamaji ya fundi juu ya meza yake uone kama imelala sawa, kabla hujamimina hata tone.

Mama_Mawe
Kaka, nikusimulie yaliyonipata nilipohama Sinza kwenda Mbezi. Nilidhani uhai wa tangi uko kwenye maji, basi nikabeba madumu ya maji kama yai. Mawe nikayatupa kwenye karai, yakapigwa na jua njia nzima. Mchanga niliuacha humohumo, nikamimina maji juu yake. Ukatibuka. Kwa chini ulikuwa mweusi, unanuka yai viza. Asubuhi samaki wangu watano walikuwa wamelala ubavu.

Bakteria wanaomaliza amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, wameganda kwenye mawe na kwenye sponji ya chujio. Kwenye maji wamo wachache mno. Kwa hiyo mawe yazame ndani ya deli lenye maji ya tangi, na sponji iwe pamoja nayo. Usiioshe kwa maji ya bomba, klorini itawaua. Mchanga wa zamani achana nao, weka mpya uliooshwa vizuri. Maji ya zamani beba unayoweza, yanapunguza mshtuko, ila usiyategemee.

Samaki usiwalishe siku moja kabla, wasichafue maji njiani. Kila deli liwe na pampu ya hewa ya betri, maana maji yakipata joto hewa inapungua. Na kangaja msafirishe peke yake. Ana mwiba kama wembe kwenye shina la mkia, kwenye wavu atanasa na kujichana. Mkinge kwa bakuli.

Jirani_Kibada
Karibu Kigamboni! Visima vingi huku vina chumvi, si ujazie hayohayo uokoe hela?

Mama_Mawe
Hapana jirani, tafadhali. Chumvi ya kisima siyo ya bahari. Bahari ina kalisi na magnesiamu kwa uwiano wake, kisima kinategemea mwamba wake, tena kinaweza kubeba naitreti ya mashimo ya vyoo. Huyo kamba hatavumilia.

Kangaja_Mmoja
Maji huwa naletewa na wavuvi wa Kunduchi, wanachota mbali na ufukwe, maji yakiwa yamejaa.

Fundi_Vioo
Hapo sawa. Agiza mapema, pima kwa kipimo cha chumvi yafike 1.025, na usichukue baada ya mvua kubwa. Kipimo cha amonia unacho?

Kangaja_Mmoja
Ninacho. Asanteni sana, dada na kaka.

Kangaja_Mmoja
MREJESHO. Tulitoka Tabata saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili na nusu tukawa Kibada. Mawe yaliingia kwanza, maji yakatulia kwenye nyuzi 26. Samaki niliwadondoshea maji ya tangi kwa mpira mwembamba kama saa nzima ndipo nikawaachia. Siku ya pili amonia ilisoma 0.25, nikabadilisha lita 40. Siku ya nne ikarudi sifuri.

Kamba mmoja sijamwona tangu tufike, na inaniuma. Kangaja alijibanza nyuma ya jiwe siku mbili, rangi imempauka. Leo asubuhi mwanangu ameniamsha kwa kelele: katoka, anakwangua mwani kwenye jiwe la mbele.