Naomba ushauri: viza imeisha, bweni linafungwa likizo

Wakuu, mimi ni Mrundi, nasoma Marekani kwa F-1, yaani viza ya mwanafunzi. Viza yenyewe kwenye pasi imeshapita tarehe, ila I-20, ile fomu ya chuo inayoonyesha mimi ni mwanafunzi wao, bado hai, kwa hiyo kukaa na kusoma si tatizo. Tatizo ni kutoka: tangu Juni 2025 Burundi imo kwenye zuio la viza za wanafunzi, nikitoka sirudi kirahisi. Chuo kimetuandikia barua pepe tuepuke safari zisizo za lazima. Sawa, lakini bweni linafungwa likizo, nilale wapi?

Nataka kuwaomba bweni la likizo na mwanasheria wa uhamiaji wa bure. Waliowahi kufanikiwa, mlianzia ofisi gani? Niende mwenyewe, au tuandike barua moja wote tuliokwama?