Mbwa akishang'ata mtu, nani aende dirisha la malipo?

Mleta mada (Kinyerezi, Dar es Salaam)

Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana limegawa mtaa wetu kwa wiki ya tatu sasa.

Binti wa jirani yangu, miaka tisa, alitumwa dukani jioni akanunue sukari na kiberiti. Wakati anarudi alipita mbele ya nyumba moja ambayo komeo la geti lake limekatika tangu masika, wamelifunga kwa kamba ya katani. Mbwa akatoka, akamkamata shavu la mguu. Mimi nilikuwa mtu wa pili kufika. Wa kwanza alikuwa mama mmoja ambaye tayari ameshika chumvi na chupa ya mafuta ya taa. Nikamwomba aweke chini. Tukampeleka mtoto bombani, tukaosha kidonda kwa sabuni ya mche na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano nikiangalia saa ya simu. Matundu manne. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, mkononi bado ameshika kile kiberiti.

Zahanati hawakuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa. Hospitali tuliyoelekezwa walikuwa nayo, shilingi 30,000 kwa dozi, na muuguzi akaandika kwenye kadi: siku ya 0, ya 3, ya 7 na ya 28. Hiyo ni 120,000 bila nauli. Baba wa mtoto ni saidia fundi, analipwa siku aliyofanya kazi tu, na kila siku ya sindano ni siku bila ujira. Dozi ya kwanza nililipa mimi.

Kesho yake tukakaa kwa mjumbe. Mwenye mbwa, mzee ninayemheshimu, alisema mbwa wake hajawahi kumng'ata mtu, kwamba mtoto atakuwa alimchokoza, na kwamba kadi ya chanjo ya mbwa ipo ila haioni ilipo. Akatoa 20,000. Ikaandikwa karatasi kwamba "tumemalizana", baba akasaini. Usiku huo vijana wakampiga mbwa mawe mpaka akafa, wakamtupa bondeni. Tangu hapo mzee hataki kusikia: "Mmeniulia mbwa, mnataka na hela?" Dozi ya siku ya saba tulichangishana majirani.

Msimamo wangu ni huu. Mwenye mbwa alipie matibabu siku hiyohiyo, kabla hatujaanza kubishana nani kakosea. Ubishi una muda wake, hata miezi sita, lakini sindano haina muda huo. Kichaa cha mbwa kwa kawaida huanza kuonyesha dalili baada ya miezi miwili au mitatu, na zikishaanza karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Ile karatasi ya "tumemalizana" itakuwa imeshapauka kabatini kwa mjumbe kabla hatujajua kama kweli yameisha.

Nasema haya nikiwa na mbwa wawili nyumbani kwangu. Mnaonaje?

Mfuga mbwa wa Goba

Pole kwa huyo binti na wazazi wake. Ila siungi mkono hoja.

Mimi nilivunjiwa mara mbili kabla sijafuga. Mara ya pili mke wangu alikuwa ndani peke yake na mtoto mchanga. Sasa nina mbwa watatu, ukuta, kengele, na kibao cha MBWA MKALI kwa herufi nyekundu. Mwaka juzi kijana aliruka ukuta saa nane usiku, akaumwa mkono. Asubuhi ndugu zake wako getini na mjumbe wanadai hela ya sindano. Kwa kanuni yako ya "lipa kwanza, tubishane baadaye", nimlipie aliyekuja kuniibia? Nikishalipa, hela hiyo nitairudishaje? Wote tunajua, hairudi.

Mbwa wa ulinzi ndiye mlinzi wa mtu asiyeweza kuajiri kampuni ya ulinzi. Mkitubebesha kila gharama hata pasipo na kosa, mnaadhibu watu wa chini wanaojilinda.

Mwanasheria

Niweke sheria mezani, kwa sababu wengi wanadhani jambo hili liko mikononi mwa mjumbe peke yake. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya mtu kuwa mkosaji kama kwa uzembe hakuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayotarajiwa kutoka kwa mnyama aliye naye. Wenzetu wa Kenya wana maneno karibu yaleyale katika kifungu cha 243. Hakimu akishamtia mtu hatiani ana uwezo wa kuamuru fidia.

Upande wa madai tulirithi kanuni za mahakama za Uingereza, zilizopokelewa Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa kanuni hizo, mnyama wa kufugwa kama mbwa akidhuru mtu, swali la kwanza ni kama mwenyewe alijua kuwa ana ukali. Kama alijua, anabeba dhima hata bila uzembe. Kama hakujua, aliyeumia ndiye anayetakiwa kuonyesha uzembe. Ndiyo maana kila mfugaji neno lake la kwanza ni "hajawahi kumng'ata mtu". Waingereza wenyewe waliziandika upya kanuni hizi kwa sheria ya mwaka 1971. Sisi bado tunasaidiwa na busara ya hakimu.

Kwa kesi ya Kinyerezi sioni ugumu. Komeo limekatika tangu masika, mtoto yuko barabarani. Kama huo si uzembe, neno lenyewe halina maana.

Kaka wa Goba, kibao chako ni panga la kukata kuwili. Kwa aliyeruka ukuta saa nane usiku kinakutetea, na mimi ningekutetea kwa furaha. Siku mbwa huyohuyo akitoka getini akamuuma mpita njia, kibao hicho ni maandishi yako mwenyewe kwamba ulijua.

Msoma mita

Nasoma mita za maji. Mita iko ndani ya geti, mimi niko nje. Mwenye nyumba anasema "pita, haumi". Nimeumwa mara mbili na mbwa wa aina ya "haumi". Mara ya kwanza nililipa mwenyewe kwa sababu niliogopa nikilalamika nitaonekana msumbufu kazini. Mara ya pili mzee mmoja wa ofisini akanishtua kwamba hiyo ni ajali kazini, na kwamba kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliowekwa kwa ajili ya mambo kama hayo, kwa sheria ya mwaka 2008. Nikajaza fomu.

Lakini bodaboda anayeleta mzigo? Kijana wa maziwa? Hawana mwajiri wa kujaza fomu. Na wao hawajaruka ukuta wa mtu, wameitwa.

Mama wa Tabata

Na dada wa kazi je? Ndiye anayempikia mbwa ugali na dagaa, ndiye anayemfungua usiku na kumfungia asubuhi. Akiumwa anapakwa spiriti, anaambiwa asiwapigie simu nyumbani kwao. Nimeliona kwa macho yangu, kwa mtu msomi. Mjadala wenu wote uko getini, na mimi nawaambia wengine wanaumwa jikoni.

Daktari wa mifugo

Hakuna aliyegusa jambo lililoniuma zaidi katika simulizi hii, kwamba mbwa aliuawa.

Mbwa aliyeng'ata afungwe au awekwe bandani, apewe maji na chakula, aangaliwe siku kumi. Mbwa anayeweza kuambukiza kichaa siku aliyong'ata, ugonjwa wenyewe utamuangusha ndani ya siku hizo. Akimaliza siku kumi akiwa mzima, hakuwa akitoa virusi siku ile, na daktari wa mtoto anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Ugali wa siku kumi ungeweza kuiokolea familia ile dozi ya mwisho na kumpa mama usingizi bila hofu. Vijana walipomtupa bondeni, walitupa jibu pamoja naye. Kama ilikuwa lazima afe, kichwa kilipaswa kufika kwa wataalamu wa mifugo wapime ubongo. Sasa mtoto hana njia isipokuwa kumaliza dozi zote.

Kwa hiyo mzee ana hoja kidogo, na tusiipite. Waliomuua mbwa wameongeza gharama. Ila kadi ya chanjo ambayo "haionekani" ni mzigo wake. Mbwa aliyechanjwa ana kadi, na kadi ndiyo kitu cha kwanza daktari wa hospitali anachouliza.

Mkitaka mfano wa karibu, angalieni Pemba. Mbwa walichanjwa kwa kampeni zilizorudiwa, ugonjwa ukatokomea 2014. Ukaingia tena 2016 kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena, ukafutika kufikia 2018. Kinachotakiwa ni mbwa saba katika kila kumi wawe wamechanjwa. Gharama ya mtu aliyeng'atwa inaanzia kwa wale watatu, wanne, watano ambao hatukuwapeleka.

Wa Machakos

Habari zenu majirani. Naomba niwape wasiwasi wangu kutoka huku kwetu Kenya.

Tuna Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na tuna mpango wa taifa wa kumaliza ugonjwa huu, wa 2014 hadi 2030. Kaunti yetu ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kuteuliwa, pamoja na Makueni, Kitui, Siaya na Kisumu. Nimesaidia kupanga foleni siku ya chanjo. Mtoto wa shule anakuja na mbwa watatu kwa kamba moja, anajua majina yao yote. Lakini mtu akiumwa kijijini, hao mbwa ghafla hawana mwenyewe. "Huyo huzunguka tu hapa." "Huyo tulimkuta." Mbwa anakula kwako, analala kwako, lakini si wako.

Sasa mkiweka sheria kwamba mwenye mbwa alipe papo hapo bila swali, mbwa wengi zaidi watakanwa. Na mbwa aliyekanwa haletwi kuchanjwa, kwa sababu kumleta ni kukiri. Mtakuwa mmepata fidia ya mtoto mmoja na kupoteza chanjo ya mbwa hamsini. Mimi nasema sindano ya mtu aliyeumwa iwe bure kwa wote, serikali ilipe, halafu serikali ndiyo imfuate mwenye mbwa.

Aliyeko Hamburg

Huku bima ya dhima ni lazima kwa kila mbwa, pamoja na chipu chini ya ngozi inayoonyesha ni wa nani. Mbwa akiuma, bima inalipa, wenye mbwa na aliyeumwa hawana haja ya kununiana. Najua huko hatuwezi kuanza kesho. Ila ule umiliki usioweza kukanwa ndio kitu cha kuiga.

Mleta mada

Nimesoma yote, mengine mara mbili.

Kaka wa Goba, nimekubali. Aliyeruka ukuta usiku simo naye, nilipaswa kuliweka wazi tangu mwanzo. Ninayemsemea ni mpita njia, mgeni aliyebisha hodi, mtu aliyeitwa, na dada wa kazi aliyetajwa na mama wa Tabata, ambaye hata mimi sikumkumbuka, na hilo limenikaa moyoni.

Daktari, umenifanya nirudi nyuma kwa lile la mbwa. Nilikuwepo usiku ule. Nilisikia mawe, nikabaki kitandani nikijiambia ni haki yake. Ningetoka nikawaambia wamfunge tu, leo tungekuwa na jibu. Wale vijana watatu nimewafuata, wawili wamekubali kuchangia dozi ya mwisho.

Wa Machakos, hoja yako ndiyo ngumu kuliko zote na sitaki kuipita juujuu. Ni kweli, malipo yakiwa mazito watu watakana. Lakini tazama tunachofanya sasa: anayekiri kwamba mbwa ni wake, kama mzee wetu, anakutana na mjumbe, na anayekana hakutani na mtu. Tayari tunawaadhibu wakweli. Hapa mtaani nimependekeza daftari kwa mwenyekiti, mbwa aandikwe kwa jina la kaya siku ya chanjo. Mwenye kadi hai, mbwa wake akiuma, kaya zote zilizoandikwa zichangie naye nusu ya sindano. Asiye na kadi abebe yote peke yake. Hapo kumleta mbwa kunakuwa faida. Chanjo ikitolewa bure na serikali, kama inavyofanyika maeneo mengi karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, hakuna sababu ya kukosa kadi. Sindano ya bure kwa mtu nami naitaka, tena sana, ila binti huyu hawezi kuisubiri bajeti.

Jana jioni nilikwenda kwa mzee mwenyewe, bila mjumbe, bila karatasi. Nilimkuta anapiga komeo jipya getini. Nikamsomea maneno ya daktari kuhusu zile siku kumi. Alikaa kimya, kisha akaingia ndani, akarudi na kadi. Chanjo ya mwisho ya mbwa ilikuwa 2021. Akaniuliza dozi ya mwisho ni lini. Nikamwambia Alhamisi. Akasema atakuja na gari lake saa moja asubuhi, na nimwambie baba wa mtoto asikose kazi, mama ataenda naye.

Alhamisi nitarudi kuwaambia. Kabla ya hapo, naomba kutoka kwa wanasheria: ile karatasi ya "tumemalizana" ambayo baba aliisaini siku ya pili, wakati mtoto bado ana dozi tatu mbele, ina nguvu gani?